Mstari Mmoja Uliobaki Ukutani

Nilipofika kiwandani asubuhi ile nilimkuta mhasibu amechuchumaa mbele ya ruta, mkono wake kwenye plagi, kama mtu anayetaka kumkamata kuku kwa nyuma.

"Usiguse," nikamwambia.

"Naizima kidogo tu, Fundi. Ikiwaka tena inakuwa imetulia."

"Kwani umeshawahi kuizima?"

"Kila wakileta malalamiko. Nazima, nawasha, halafu nawaandikia kwamba tumeshughulikia."

Nililaza begi langu chini polepole, maana ningelitupa kama nilivyotaka, kompyuta iliyokuwemo ingekwisha. Mimi ni fundi wa mitandao. Sauti yangu ni kubwa, subira yangu ni fupi, na kazi yangu naijua. Hayo hata wasionipenda wanayakubali. Kiwanda kile cha kuchapa vitabu vya shule nilikifunga nyaya mwenyewe, tangu ghorofa ya chini kunakonguruma mitambo, ya kati wanakokaa wapanga kurasa, hadi ya juu yenye ofisi. Sasa bwana huyu mwenye shati lililonyooshwa hadi kwenye kola alikuwa anaizima ruta yangu kama taa ya chooni.

"Mhasibu," nikasema, "ondoa mkono hapo kabla sijasahau kwamba nimelelewa vizuri."

Akauondoa.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Kampuni inayowauzia intaneti ilikuwa imewaandikia mara kadhaa kwamba kuna mtu, kutoka ndani ya kiwanda, anayezunguka huko nje akijaribu kuingia kwenye kompyuta za watu wengine. Anabisha hodi kwenye seva za watu maelfu kwa maelfu, akibahatisha maneno ya siri. Safari hii waliandika kwa ukali: likitokea tena, tunawakatia. Na kiwanda kile bila intaneti ni ghala la karatasi tu, kwa sababu miswada yote huingilia huko.

Hapa lazima nieleze jambo, na nitalieleza mara moja. Kompyuta zote za kiwanda, pamoja na printa na simu za watu, hutoka nje kwa anwani moja tu. Ruta ndiyo inayokaa mlangoni. Kompyuta ikitaka kutoka, ruta inaivua anwani yake ya ndani, inaivalisha ile moja ya kiwanda, kisha inakumbuka nani katoka na kaelekea wapi, ili jibu likirudi limfikie mwenyewe. Kumbukumbu hiyo ni jedwali, mstari kwa kila safari, na mstari unaishi muda ule tu ambao safari inaishi. Walio nje wanaona jina la kiwanda basi. Anayejua ni nani hasa wa ndani ni ruta peke yake. Na ukiizima, inasahau yote. Yaani kila shahidi alipotaka kufungua mdomo, mhasibu alikuwa anamlaza usingizi, tena kwa moyo mweupe kabisa.

"Lakini usijisumbue sana," mhasibu akaniambia tukipanda ngazi. "Mtu tumeshampata."

"Mmempataje?"

"Kuna dada wa ghorofa ya kati. Wenzake wakienda kula yeye hatoki. Anabaki na kompyuta, anainong'oneza. Naapa, Fundi, nimemsikia kwa masikio yangu. Ukimkaribia anafunga dirisha la skrini haraka haraka. Mtu safi hafanyi hivyo." Akasimama kwenye ngazi, akapunguza sauti. "Ni wifi yako."

Hakuna ambaye hakujua pale. Walikuwa wakinitania kwamba nimewaletea kiwandani wifi ya aina mbili, moja inashika kila mahali na nyingine haishikiki. Ni mke wa kaka yangu, mpanga kurasa, mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo. Na niseme wazi, mimi na yeye chungu kimoja hatukuiva. Kaka yangu ni dereva wa malori, safari zake ni za wiki nyingi, kwa hiyo mama yetu anaishi kwake, na anayebaki na mama ni huyo wifi. Mama ameanza kupoteza kumbukumbu. Anaweza kuwasha jiko akaenda kulala. Anaweza kumeza dawa ya presha, akasahau, akameza tena. Na wifi, kila siku ya kazi, anafunga mlango anakuja kupanga kurasa, mama anabaki na jirani anayepita kumchungulia akijisikia.

Mimi nilikuwa naenda Jumapili, na matunda na lawama. Jumapili iliyotangulia nilimwambia kaka kwenye simu, kwa makusudi, wifi akiwa amesimama palepale: "Mke wako anajua kupanga kurasa. Nyumba ndiyo hajui kuipanga." Wifi alinitazama tu, akachukua sahani yangu akaenda kuiosha. Nikaona, haya, amekosa la kusema.

Hata hivyo, kumchukia mtu ni jambo moja na kumwona anatolewa kafara ni jingine. Mshahara wake ndio uliokuwa unanunua dawa za mama kila kaka alipochelewa njiani. Wifi akimwaga unga, na dawa zinamwagika.

Mkurugenzi alikuwa ofisini kwake. Wafanyakazi humwita Mzee wa Wino, maana kucha zake ni nyeusi mpaka leo, ingawa ni miaka mingi hajagusa mtambo. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha kiti. Mzee yule haongei sana, na akiongea amemaliza.

"Mhasibu amekueleza?"

"Amenieleza anachofikiri, Mzee. Mimi nimekuja kuangalia kilichopo."

"Huyu ni wifi yake," mhasibu akadakia. "Simdharau Fundi, lakini damu ni damu. Akituambia wifi yake hana kosa, tutajuaje?"

Kusema kweli, swali lake lilikuwa la haki, na ndilo lililonipandisha mori. "Hutahitaji kuniamini," nikamwambia. "Nitaangalia mbele ya macho yenu. Leteni ile projekta mnayoonyeshea wageni majalada, muiweke chumba cha mikutano. Kila kitakachoonekana kwenye kioo changu kitakuwa ukutani. Mwiteni na yeye mwenyewe aje akae hapo aone. Akiwa ndiye, nitakuwa wa kwanza kusema."

"Na kompyuta?" mhasibu akauliza. "Nimeamuru zote zizimwe tangu asubuhi. Kwa usalama."

Nikamtazama. "Umezima kompyuta zote, halafu unataka nikutafutie inayofanya fujo?"

Mzee wa Wino alikohoa, sijui kama ni kikohozi au kicheko. "Ziwashwe," akasema. "Kila mtu afanye kazi yake kama siku zote."

Hadi projekta ilipopatikana asubuhi ilikuwa inayoyoma. Kiwanda kilianza tena kunguruma chini ya miguu yetu, na sisi wanne tukawa tumekaa chumba cha mikutano, pazia limevutwa. Wifi alikaa karibu na mlango, mikono mapajani. Aliniamkia kwa heshima yake ileile, "Za asubuhi, wifi," nami nikaitikia bila kumwangalia vizuri. Alikuwa ametoka tu kuiwasha kompyuta yake na kuiacha ikifanya kazi, kama walivyoagizwa wote. Niligundua jambo moja: kila baada ya muda alikuwa anatupia jicho saa ya ukutani. Mhasibu naye aliligundua, akanikonyeza.

Nikaunganisha kompyuta yangu, nikaingia kwenye ruta, nikaandika amri ya kuonyesha miunganisho yote iliyo hai wakati huo.

Ukuta ukajaa. Mistari ilishuka kama mvua, mmoja juu ya mwingine. Mzee akavuta kiti chake mbele.

"Nitawasomea," nikasema, na hapo nilikuwa nyumbani. "Upande huu wa kushoto ni anwani ya ndani, yaani ni nani. Katikati ni ile anwani moja ya kiwanda, hiyo haina habari. Kulia ni huko anakokwenda. Mimi ndiye niliyezipa kompyuta zenu anwani, na niliwabandikieni namba kwenye kila meza. Zinazoanzia kumi ni za ofisi. Thelathini ni za wapanga kurasa. Hamsini ni printa na mitambo. Sasa nitazameni. Hawa wa ofisi, barua pepe, benki. Hawa wa kurasa, wanapakua picha. Mtu mmoja hapa anaangalia mpira, simtaji, amshukuru Mungu."

"Na hiyo inayojirudia?" Mzee akauliza.

Nilikuwa namngojea aulize. Kushoto kulikuwa na namba moja, inajirudia mstari baada ya mstari, na kila mstari kulia unaelekea mahali pengine, seva hii, seva ile, mlango uleule wa kuingilia kwa neno la siri. Kila nilipoita upya jedwali, ilikuwa imeongezeka.

"Huyo ndiye mgonga milango wenu," nikasema. "Anwani yake inaishia na mia mbili na tano."

Mhasibu alikuwa ameshainuka. "Meza ya nani?"

"Si meza ya mtu. Mia mbili na kitu sijampa mtu yeyote. Hizo ruta inazigawa yenyewe kwa kifaa kigeni, kitu kilichochomekwa bila mimi kuambiwa." Nikaingia kwenye swichi ya ghorofa ya chini, kile kisanduku zinakokutana kebo zote za huko, nikatafuta kifaa hicho kimekaa kwenye tundu lipi. "Kebo yake inakwenda mapokezi. Mmeweka nini mapokezi?"

Mzee wa Wino alimgeukia mhasibu polepole, kama mlango mzito.

"Ile ya vidole," akasema.

Ilikuwa mashine ya kuweka alama za vidole asubuhi, ile inayomsemea kila aliyechelewa. Mhasibu ndiye aliyeichagua, akaichomeka mwenyewe, akaisifia mwezi mzima. Nikamuuliza kama alibadilisha neno la siri ambalo mashine ilikuja nalo kutoka kwa walioitengeneza. Akaniuliza kwani ina neno la siri.

"Basi kuna mtu huko duniani aliingia ndani yake, akaigeuza punda wake," nikasema. "Mchana kutwa inamfanyia kazi. Nyinyi mnaigusa mnaenda zenu."

"Hayo ni maneno," mhasibu akasema, ingawa uso ulikuwa umeshamshuka. "Utathibitishaje?"

"Wewe ndiye utakayethibitisha. Shuka ukaichomoe kebo yake, ya nyuma, ile ya bluu. Usiguse kingine. Sisi tunatazama ukuta."

Akashuka. Tukasikia viatu vyake kwenye ngazi, kisha hatukusikia kitu. Nikaita jedwali upya. Mistari ya mia mbili na tano ilikuwa bado ipo, lakini haiongezeki. Nikawaeleza kwamba ruta huwa inausubiri kidogo mstari uliokufa kabla ya kuufuta. Nikaita tena, ikapungua. Nikaita tena, ukuta ukaanza kuonekana ukuta. Sitasema uongo, nilijisikia raha. Nilitaka hata kaka yangu awepo anione.

Mhasibu aliporudi, akihema, mistari yote ya mia mbili na tano ilikuwa imekwisha. Na kwa kuwa muda wa chakula ulikuwa umefika, kompyuta za watu nazo zilikuwa zinanyamaza moja moja, mwenye kula mpira na mwenye kula picha wote wakaenda kula wali. Jedwali likabaki jeupe, isipokuwa mstari mmoja.

"Na huo?" Mzee akauliza.

Namba yake ya kushoto ilikuwa thelathini na nne. Meza ya thelathini na nne ni ya wifi yangu. Ulikuwa hai tangu kompyuta zilipowashwa, haukukatika, tena unapitisha vitu vingi kuliko barua. Si kazi ya kurasa hiyo. Mhasibu alisoma namba, akaangalia daftari la meza kichwani mwake, na uhai ukamrudia.

"Hiyo ni ya kwake," akasema. "Nilisema. Mashine ni mashine, lakini na yeye ana lake."

Mzee wa Wino alikuwa na sheria moja tangu alipoibiwa muda na kijana aliyekuwa anashusha filamu: mtu akikutwa na mambo binafsi kwenye mtandao wa kiwanda, siku hiyohiyo anarudi nyumbani kwake bila kazi. Kila mtu anaijua. Wifi aliijua. Alikuwa ameinamisha kichwa, na kidole chake kinasugua pindo la kitambaa cha meza.

"Unakwenda wapi huo mstari, Fundi?" Mzee akauliza.

Nikatazama upande wa kulia, nikairudia namba ile kwa macho mara mbili.

Ile namba naijua kama namba ya simu yangu. Niliiomba mwenyewe kwa kampuni ya intaneti, namba isiyobadilika, niliyoiweka nyumbani kwa kaka ili niweze kufikia vifaa vyangu nikiwa popote. Kule nilifunga ruta na kamera moja yenye kipaza sauti, niliyoielekeza getini kwa ajili ya wezi. Na nilipomaliza kufunga nilisema, kwa ile sauti yangu, mtu asiguse vitu vyangu.

"Fundi?"

"Unakwenda kwetu," nikasema. "Nyumbani kwa mama yangu."

Mhasibu alicheka kidogo. "Sasa umeona. Damu."

"Wifi," nikamwambia, na hii ndiyo mara ya kwanza siku ile nilimtazama usoni, "unaangalia nini getini kwetu?"

"Siangalii getini," akajibu. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Niliigeuza kamera. Samahani, ulisema tusiguse. Mama alianguka jikoni, wiki ile uliyokuwa na kazi nyingi hukuja. Tangu hapo nikaileta ndani, iangalie chumba na jiko. Namwona kutwa. Akiwasha jiko namwambia azime. Naongea chini kwa sababu akisikia sauti kubwa anashtuka, anamwaga alichoshika." Akatazama saa tena, na safari hii hakujificha. "Mzee, najua sheria. Nitaondoka, sina neno. Lakini naomba kwanza nishuke mezani kwangu mara moja. Muda wa dawa umefika. Nisipomsimamia atameza mara mbili."

Nilijisikia vibaya, vibaya sana, kama mtu aliyekutwa amevaa nguo ya mwenzake. Niliona ile sahani yangu anaiosha.

"Ikate hiyo, Fundi," mhasibu akasema. "Sheria ni sheria. Si unaweza kuufuta mstari mmoja peke yake?"

Naweza. Ni amri fupi tu, na vidole vyangu vilikuwa juu ya vibonye.

"Naweza," nikasema. "Na huu sikati. Mzee, ukitaka ukatwe utatafuta fundi mwingine wa kuukata, na huyo fundi atakuja kunikuta mimi mlangoni. Wewe ulitaka tuangalie kilichopo. Hatujaangalia. Tumeona namba tu." Nikamgeukia wifi. "Nifungue?"

Akaitikia kwa kichwa. Kamera ni yangu, neno la siri ni lile nililowaachia nyumbani, nikaifungua.

Ukutani akatokea mama. Amekaa mezani, kitenge chake amekifunga vizuri, mbele yake bilauri ya maji iliyojaa na kikopo cha dawa ambacho hajakifungua. Hafanyi kitu. Anaitazama kamera tu, anangoja, mikono miwili mezani kama mwanafunzi. Sijui alikuwa amekaa hivyo tangu saa ngapi.

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Alisikia mkwaruzo, uso ukamchangamka.

"Leo umechelewa, mwanangu," akasema.

Machozi yalinitoka nikiwa sijajiandaa. Nikainamia kompyuta. "Shikamoo, mama. Ni mimi. Binti yako."

Mama akashtuka, maji yakacheza kwenye bilauri. Akakunja uso akiitafuta sauti. "Binti yangu yuko kazini," akasema, kwa upole, kama mtu anayemtetea mwenzake. "Ana kazi nyingi sana yule, hana nafasi. Wewe ni nani? Niitie mwanangu wa dawa."

Nikainuka kwenye kiti changu, nikamwachia wifi. Alikuja akakaa, akasogeza mdomo karibu, akanong'ona vilevile alivyokuwa akinong'ona kila siku mhasibu akimsikiliza nyuma ya mlango.

"Mama, nipo. Fungua kikopo. Taratibu. Toa kile cheupe. Si hicho, hicho ni cha jioni. Ee, hicho hicho. Sasa maji."

Mama akameza. Akafungua mdomo wake wazi mbele ya kamera kuonyesha kwamba kimekwenda, na wifi akacheka kidogo. Ilionekana ni mchezo wao wa siku nyingi.

"Umekula wewe?" mama akamuuliza.

"Nitakula, mama."

"Mwongo," mama akasema, akaanza kufunga kikopo.

Mzee wa Wino alikuwa anatazama kucha zake. Mhasibu alikuwa anatazama mlango. Mzee akasimama, akavuta pazia, mwanga ukaingia, na mama ukutani akafifia.

"Mashine ya vidole ikae kama ilivyo, bila kebo," akasema. "Mhasibu, tangu kesho utasimama mapokezi mwenyewe uone nani amechelewa, mpaka Fundi atakaposema iko salama. Na leo uwaandikie wale wa intaneti. Uwaandikie ilikuwa nini, si kwamba tumeshughulikia."

"Sawa, Mzee."

"Huo mstari," akanionyesha ukuta kwa kidevu, "usiguswe na mtu." Akafika mlangoni, akageuka kwa wifi. "Na wewe nenda ukale. Mama yako amekuuliza."

Sikuondoka mara moja. Nilikusanya nyaya zangu, nikabadilisha maneno ya siri ya kila kitu chenye neno la siri, nikambandikia mhasibu karatasi juu ya plagi ya ruta yenye maandishi makubwa ambayo siyaandiki hapa. Kisha nikashuka ghorofa ya kati. Wifi alikuwa mezani kwake, meza ya thelathini na nne, anakula kwa mkono mmoja na mwingine uko kwenye kurasa za kitabu cha hesabu. Kwenye kona ya skrini, kadirisha kadogo, mama amelala kwenye kochi.

Nikavuta kiti.

"Umekuja kunikagua, wifi?" akaniuliza bila kugeuka.

"Nimekuja kuomba radhi. Yale ya Jumapili nilisema ujinga, nawe ukanioshea sahani."

"Ilikuwa chafu," akasema. Halafu akanisogezea nusu ya chakula chake, na tukala pamoja. Nilipomaliza nikamwambia anifundishe, kidonge kipi kinatangulia, kipi cha jioni. Akanifundisha. Nami, fundi mzima, nikayarudia nyuma yake kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Kesho zamu yako," akasema. "Lakini tafadhali, wifi, usipayuke. Utamlowesha."

Kesho yake, saa ya dawa, niliacha kazi ya mteja katikati, nikakaa ndani ya gari langu, nikafungua kamera. Mama alikuwa mezani, maji mbele yake. Nikashusha sauti mpaka mwenyewe sikujitambua.

"Mama, nipo."

Akasikiliza, kichwa upande. "Wewe si yule."

"Si yule. Ni binti yako."

"Binti yangu yuko kazini."

"Ndiyo, mama," nikasema. "Niko kazini. Fungua kikopo, taratibu."